Ugonjwa Unaporudi: Pepo, Maombi na Sindano Mkoani Mara

Kijana wa Bunda akianza kuongea peke yake, akakesha siku tatu mfululizo, akawatuhumu wazazi wake kwamba wanamtilia sumu kwenye ugali, ukoo haukai kikao cha kubishana kama ni pepo au ni ugonjwa. Unafanya yote. Anapimwa malaria, kwa kuwa Kanda ya Ziwa kila mtu amewahi kusikia habari za malaria iliyopanda kichwani. Anapelekwa kuombewa. Shangazi mmoja anakwenda kimyakimya kwa mpiga ramli kuuliza nani ana neno na nyumba ile. Wiki zikipita bila nafuu, anapandishwa gari kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Kwangwa, pale Musoma, au Bugando, Mwanza. Baadhi ya wataalamu wa afya huuita mwendo huu ujinga, na wahubiri wengi huuita kukosa msimamo. Mimi naona una busara yake, maana asiyejua mlango upi utafunguliwa hubisha hodi kwenye milango yote. Mjadala wa pepo au ugonjwa umetuchosha bila kutufikisha popote, na umefunika swali jingine lenye uzito zaidi: nini kinafanyika ugonjwa unaporudi? Kwa sababu magonjwa makubwa ya akili, skizofrenia na baipola kwa mfano, yana tabia ya kurudi. Hoja yangu ni kwamba kuamini pepo peke yake hakumdhuru mgonjwa. Kinachomdhuru ni aina moja ya imani hiyo, ile inayotaka uponyaji uwe wa mara moja, utangazwe mbele ya watu, na uthibitishwe kwa kuacha dawa.

Ni vizuri kuanza na Butiama, kwa sababu pale jambo hili liko wazi kuliko mahali pengine popote mkoani. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1922 kwa Chifu Nyerere Burito aliitwa kwanza Mugendi. Mganga wa kuagua akashauri jina libadilishwe, naye akaitwa Kambarage, jina la roho wa mvua. Mtoto huyo, ndiye Mwalimu Nyerere, alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943, na mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma likafungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Mtu mmoja amebeba jina la roho wa Kizanaki na anaombewa utakatifu wa Kanisa, na hakuna Mzanaki anayeona ajabu. Linalonivuta zaidi ni utaratibu wenyewe wa jina lile. Roho amedai, mwaguzi amesikia, ukoo umejibu kwa kitu kidogo cha kudumu, kisha maisha yameendelea. Hakuna aliyefukuzwa. Mantiki hiyohiyo imo katika misambwa ya Waikizu, Wanata na Waikoma, roho wa nchi wanaokaa katika mlima, chemchemi au kichaka fulani, ambao watu huwaendea kwa sadaka ili mvua inyeshe na ardhi ipoe. Kwa Wajaluo wa Rorya na wale waliohamia Musoma mjini, anayeshikwa na juogi, yaani roho, anaweza kuishia kuwa mtumishi wao, na yeye mwenyewe akawa mganga wa wengine. Tukitoka Mara mantiki haibadiliki sana. Afisa wa kikoloni Hans Koritschoner, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Hans Cory na kufanya kazi ndefu Usukumani, aliandika mwaka 1936 juu ya ngoma ya shetani, na baadaye juu ya Buswezi wa Wasukuma na Wanyamwezi. Katika ngoma hizo mgonjwa hamalizani na pepo wake. Anaingizwa katika chama cha watu walioshikwa kama yeye, anajifunza lini ampe pepo haki yake na lini amtulize.

Utaratibu huu una faida moja ambayo haisemwi sana. Hauna tarehe ya mwisho. Ugonjwa ukirudi baada ya mwaka, hakuna aliyeaibika: labda pepo ana dai jingine, labda sadaka ilipungua, tunarudi kwa mwaguzi. Mgonjwa hakosolewi kwa kuugua tena, na jamaa hawajajiweka mahali pa kusema uongo kwamba amepona. Hata hivyo sitaki kuupamba. Mbuzi na kuku wa sadaka wanatoka katika zizi la mtu, na kuna waganga wanaojua kurefusha madai ya pepo hadi zizi liwe tupu. Isitoshe, mlango wa mizimu uko jirani na mlango wa uchawi, na huo wa pili ni hatari kuliko yote. Maana kila maelezo ya kichaa humtafuta mdaiwa. Mizimu ikidai, mdaiwa ni ukoo mzima uliosahau wajibu wake, na deni linalipika. Ikisemwa amerogwa, mdaiwa ni mtu mmoja mwenye jina, mara nyingi bibi kizee wa nyumba ya pili au mke mwenza, na Kanda ya Ziwa tunajua deni hilo limelipwa kwa mapanga. Ikisemwa ni pepo mchafu, macho yote yanamgeukia mgonjwa mwenyewe: alifungua mlango gani? Ikisemwa ni ugonjwa, hakuna mdaiwa, na pengine ndiyo sababu maelezo ya hospitali huwaacha watu na njaa. Yanajibu ni nini, hayajibu kwa nini huyu na kwa nini sasa.

Wamishenari walipofika waliwakuta roho hawa na kuwaweka wote katika kapu moja la Shetani. Wamenoni wa Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934. Mwaka 1942 uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ukalipuka hapohapo Shirati, ukiwa na mkazo wa kutubu hadharani. Wasabato walikuwa wameshatia mizizi Majita na Ikizu, Wakatoliki walikuwa na misheni zao, na miaka ya 1960 Legio Maria, iliyozaliwa mwaka 1963 upande wa Kenya, ikavuka mpaka na kuja na ufundi wake wa kutoa pepo. Kisha wakaja Wapentekoste. Moses Kulola, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mtoto wa Kanda ya Ziwa, na mikutano yake ya hadhara iliwafundisha watu wengi jinsi pepo anavyotolewa. Leo katika makanisa ya ukombozi ya Bunda na Musoma, misambwa ya zamani haijatoweka. Imepewa jina la vifungo vya ukoo na laana za mababu. Waumini wanaiamini pengine kuliko babu zao walivyoiamini. Kilichobadilika ni uhusiano. Roho aliyekuwa mdai amekuwa adui, na adui hapewi haki yake. Anashindwa au anashinda.

Tuitazame ibada yenyewe kwa karibu. Ni mkesha wa Ijumaa, spika zimefunguliwa mpaka mwisho. Msichana anaanguka, wahudumu wawili wanamfunika kanga miguuni ili asidhalilike, mchungaji anainama na maikrofoni na kuuliza: wewe ni nani, umetoka wapi, mko wangapi, mmeingia lini. Sauti inajibu, mara nyingi kwa jina la bibi aliyekufa, au jini wa baharini, au jirani. Mpaka hapa mwaguzi wa zamani asingeona jambo geni. Maswali ni yaleyale. Tofauti inakuja baada ya jibu. Mwaguzi angeuliza, unataka nini? Mchungaji anasema, toka! Jumapili inayofuata, au hata palepale, unakuja ushuhuda. Aliyefunguliwa anasimama mbele, anaeleza miaka ya mateso, na katika baadhi ya makanisa anaonyesha pakiti ya vidonge ambavyo havihitaji tena. Kusanyiko linapiga vigelegele. Pakiti ile ndiyo kiini cha tatizo. Mpaka hapo imani haijamdhuru mtu. Huenda hata imemfaa, kwa kuwa ameguswa, ameitwa kwa jina, amelia mbele ya watu wanaomjali. Lakini sasa amefunga njia yake ya kurudi. Akiugua tena, hatakuwa mgonjwa aliyeugua tena. Atakuwa shahidi wa uongo, au mtu ambaye pepo saba wamemrudia kwa sababu hakuilinda imani yake.

Na uwezekano wa kuugua tena ni mkubwa. Hapa takwimu hazina huruma. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya wagonjwa wa skizofrenia waliokuwa wametulia. Ndani ya mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia 27 katika kila 100 walioendelea na dawa, na 64 katika kila 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Namba hizo zinasema mambo mawili, na wahubiri na madaktari wote wanapaswa kuyasikia. La kwanza, anayetupa dawa madhabahuni anaongeza zaidi ya mara mbili uwezekano wa kurudiwa. La pili, hata anayemeza dawa kwa uaminifu anaweza kurudiwa, na kuna wachache ambao kweli waliacha na mwaka ukapita salama. Hao wachache ndio ushuhuda unaovuma. Wengine hawaalikwi kusimama mbele mara ya pili. Tukumbuke pia kwamba anayetaka kuacha dawa ana sababu zake. Sindano ya flufenazini inayochomwa kila mwezi inaweza kumkaza mtu shingo, kumtetemesha mikono, kumfanya ajikokote kama mzee akiwa na miaka 25, na vidonge vya kloropromazini humlaza mpaka jua la saa nne. Mchungaji anayesema Mungu amekupumzisha na dawa anasema neno ambalo mgonjwa alikuwa akilitamani tangu mwanzo.

Ni lazima hapa nitofautishe, kwa sababu si kila anayepandisha pepo ni mgonjwa wa akili, na wengi wao si wagonjwa hata kidogo. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, upande wa pili wa ziwa, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Wasichana 95 kati ya 159 waliambukizana hali hiyo, shule ikafungwa mwezi Machi, hali ikaenea vijiji vingine, na vipimo vyote vya damu na chakula havikuonyesha sumu wala kijidudu. Kila mwalimu wa sekondari ya bweni nchini anajua namna hii ya tukio, hasa mitihani inapokaribia. Utafiti uliofanyika Mbarara, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2010 ulilinganisha watu 119 walioshikwa na pepo na 71 wasioshikwa. Walioshikwa walikuwa wamepitia mateso mengi zaidi maishani, na dalili zao zilifanana na zile za mtu ambaye nafsi yake imejigawa ili ivumilie. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 ina nafasi ya hali ya kushikwa na pepo, lakini inaiweka nje ikiwa ni sehemu ya kawaida ya dini au utamaduni wa mtu na haimletei taabu. Kwa watu wa aina hii maombi, ngoma au kisomo vinaweza kuwa tiba nzuri kuliko kidonge. Kumpeleka Mirembe, Dodoma, hospitali iliyokuwepo tangu mwaka 1927, msichana ambaye anapandisha pepo kwa sababu mjomba anamwingilia usiku, ni kumwonea mara mbili.

Kwa upande mwingine kuna mambo ambayo hayapaswi kusubiri mkesha. Kifafa ni la kwanza. Si ugonjwa wa akili hata kidogo, ila kwa kuwa mtu anaanguka, anatoa povu na kung'ata ulimi, kimekuwa pepo kwa karne nyingi. Tiba yake kuu vijijini, fenobabito, ni ya bei ndogo mno, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Daktari Louise Jilek-Aall aliliona hilo Mahenge kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kati ya Wapogoro waliokuwa wakitengwa na kulishwa peke yao. La pili ni mama aliyetoka kujifungua akaanza kuona na kusikia visivyoonwa na wengine. Yeye na mtoto wake wako hatarini usiku huohuo. Kisha kuna homa iliyofika kwenye ubongo. Malale, ambayo bado ipo ukanda wa Serengeti na hubadilisha tabia ya mtu kabla ya kumlaza. Mnywaji wa gongo aliyeacha ghafla akaanza kutetemeka na kuona wadudu. Kijana aliyezama katika bangi. Kote huko pepo anaweza kusubiri, mwili hauwezi.

Mwamini mwenye msimamo atanipinga hapa: wewe unamfanya Mungu msaidizi wa daktari, na Yesu hakumpa mtu rufaa ya kwenda Bugando. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, na jibu lake naliona katika vitabu vya imani zenyewe. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa kama makundi mawili, kila moja kwa jina lake. Katika Marko 8 kipofu wa Bethsaida aliguswa mara ya kwanza akaona watu kama miti, akahitaji kuguswa tena. Hakuitwa mwenye imani haba. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake na hakuondolewa, na Timotheo, aliyekuwa na matatizo ya tumbo ya mara kwa mara, alishauriwa atumie divai kidogo. Kama kuna kanisa linalojua pepo ni nani, ni Kanisa Katoliki, nalo kwa kanuni ya 1172 limemkataza hata padre kupunga pepo bila ruhusa ya wazi ya askofu wake, na Katekisimu yake katika namba 1673 inaagiza kuhakikisha kwanza kwamba si ugonjwa. Kwa Waislamu, Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa akamwendea Mtume. Alipewa kuchagua kuombewa au kusubiri kwa malipo ya kuingia Peponi, akachagua kusubiri, na akaomba tu asifunuke anapoanguka. Hakuambiwa ana dhambi, wala kwamba kuendelea kuugua ni dalili ya imani dhaifu. Theolojia ya kuishi na ugonjwa unaorudi imo ndani ya dini zetu. Imesongwa na theolojia ya ushuhuda kwa sababu hii ya pili hujaza viti.

Daktari naye atanipinga kutoka upande wa pili. Kumvumilia mchungaji na mganga, atasema, ni kuchelewesha tiba, na kila mwezi wa kuchelewa unaongeza ugumu wa kupona. Kuchelewa kupo, nakubali. Lakini watu hawaendi kwa mganga kwa sababu tu hawajaelimika. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam, jiji lenye hospitali nyingi kuliko mji wowote nchini, na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa 48 kati ya kila 100 waliokwenda kwa waganga, dhidi ya 24 katika vituo vya afya. Wenye huzuni na hofu walikuwa wakijichagulia wenyewe anayewapa muda. Hao hawawezi kuamriwa warudi. Inabidi wafuatwe waliko. Na tunajua kwamba kuwafuata kunawezekana. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika kambi ya maombi nchini Ghana, lenye wagonjwa 139: waliopata dawa pamoja na maombi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata maombi peke yake. Mwaka 2020 jaribio jingine la Ghana na Nigeria, lenye wagonjwa 307 wenye dalili za kichaa, likaonyesha kwamba wahudumu wa afya wanaowatembelea waganga na wachungaji na kutibu pamoja nao hupata matokeo mazuri kuliko utaratibu wa kawaida. Katika majaribio yale hakuna mtu aliyelazimishwa kukana imani yake. Ila kuna doa ambalo watetezi wa ushirikiano hupenda kuliruka: katika kambi ile ya Ghana, nafuu haikupunguza siku ambazo wagonjwa walikaa kwenye minyororo. Dawa ilituliza akili, lakini mnyororo ulikuwa na sababu zake nyingine: hofu, uhaba wa walinzi, mazoea. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilikuta watu wamefungwa hivyo katika nchi zipatazo 60, majumbani na katika taasisi, kwa hiyo asiwepo wa kumnyooshea kidole mwenzake. Hapa mazungumzo ya heshima hayatoshi. Anayemfunga mtu minyororo, awe mganga, mchungaji au ndugu, azuiwe kwa sheria.

Kuna habari moja ya Wamenoni ambayo ingefaa isimuliwe zaidi Musoma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wao huko Marekani waliokataa kubeba silaha walipelekwa kufanya kazi katika hospitali za vichaa, wakaona wagonjwa walivyorundikwa uchi na kupigwa. Vita vilipoisha, makanisa yao yakaanza kujenga hospitali zao za akili, na mwaka 1952 Wamenoni wa Lancaster, Pennsylvania, walewale waliokuwa wametuma watu Shirati, wakafungua ya kwao, Philhaven. Kwao hapakuwa na mgongano kati ya sala na daktari wa akili. Shirati ikajenga jina katika tiba ya ukoma, ugonjwa mwingine ulioitwa laana mpaka dawa ilipopatikana na kanisa likakubali kumhudumia mtu kwa miaka mingi bila kumdai ushuhuda. Mfano huo ungeweza kuhamia upande wa akili, na bado unaweza. Wachungaji wa Bunda na Musoma wanaweza kukubaliana jambo dogo tu: kwamba hakuna mtu atakayeambiwa aache dawa na mtu asiyemwandikia, na kwamba madhabahuni kuna nafasi pia kwa anayesema anachoma sindano kila mwezi na anamshukuru Mungu.

Ugumu wa makubaliano hayo uko katika ushindani. Kanisa litakalohubiri uponyaji wa taratibu litawapoteza waumini kwa jirani anayehubiri wa usiku mmoja, kwa hiyo kanisa moja moja haliwezi. Inahitajika sauti ya pamoja, ya majimbo ya Musoma na Bunda, ya Wamenoni, Wasabato na Waanglikana, ya BAKWATA, na ya vyama vya wachungaji wa Kipentekoste, ambao ndio wenye watu wengi zaidi katika mikesha. Na serikali nayo ina sehemu yake, isiyohusu mahubiri. Kwa sera ya msamaha wa gharama, mgonjwa wa akili anatakiwa kutibiwa bure katika vituo vya umma. Mchungaji aliyemtuma muumini wake zahanati, akarudi na karatasi mkononi ya kwenda kununua dawa dukani kwa kuwa rafu ni tupu, hatamtuma wa pili.